Usinilipe Bado

Jumanne, foleni ya dawa imefika mlangoni,
ulinivuta pembeni, Mihayo, ukanipa elfu kumi na mbili.
Noti zimekunjwa mara nne, zanukia nta.
"Ile ya tairi," ukasema.

Tairi! Masika ya mwaka juzi.
Baiskeli yenyewe ulishaiuza chuma chakavu.
Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Nikacheka, nikazifunga kwenye pindo la kanga,
nikaita namba thelathini na moja.

Daftari letu lina vyumba vinne vya kuuliza:
kikohozi, homa, kupungua, jasho la usiku.
Hapana, hapana, hapana, hapana.
Kilo sitini na nne. Virusi havionekani.
Nesi Mbuke akakupigia vema nyekundu
kama mtoto wa darasa la pili aliyepata zote.
Hakuna chumba cha kuuliza
usiku usio na jasho unaupitishaje.

Halafu lile kopo.
Sote hutia pamba ndani ya kopo la vidonge
lisije likapiga njuga mbele za watu.
Miaka kumi na moja nazijua pamba zetu.
La kwako siku hiyo lililia,
ulitoka nalo hadi barabarani likilia,
na mimi, mshauri, mwenye fulana na kitambulisho,
nikadhani ni ujasiri.

Saa kumi jioni nabangua karanga,
mtoto wa Kulwa akapita na bomba lako la moshi wa nyuki.
"Kanipa babu Mihayo. Kasema halihitaji tena."
Na mizinga?
"Kamgawia shemeji yake. Yote."
Karanga zikamwagika.

Sikungoja kesho.
Barabara ya Tutuo ni mchanga mtupu, unasukuma baiskeli kuliko kuipanda.
Nilikukuta umefagia uwanja hadi nyuma ya choo.
Usafi ule ulinitisha.
Maneno laini niliyoyatunga njiani yaliishia kwenye hodi,
nikauliza kama mtu aulizaye bei ya chumvi:
Mihayo, unataka kujiua?

Mbwa wako akajikuna, akamaliza, akaanza upya.

"Jana, ndiyo. Leo sijui."

Hilo *sijui* nikaliketia kando
kama moto wa kuni mbichi. Moto wa hivyo haufokewi.

Sikukuambia Mungu ana mpango.
Sikukutajia wajukuu.
Nilikusimulia kikombe changu cha bati, ukingo wa buluu,
walichonitengea ukweni,
kikaoshwa peke yake, kwa majivu, nje.
Na mwaka ule, nikasema, nami nililipa madeni yangu yote.

"Yote?"
Yote. Hata la mama Njile, la kipande cha sabuni.

Ukacheka kwa pua.
Ndipo ukalitoa la asali:
tangu siri itoke, ndoo zako hurudi toka sokoni
na vifuniko vyake vile vile.
Nyuki hawakukuuliza hali yako.
Watu wameuliza, na jibu wakajipa wenyewe.
Ulisema hayo ukitazama viganja vyako
kama vitu ulivyoazima kwa mtu.

Sikuwa na dawa ya soko. Sina hadi leo.
Nesi Mbuke tulimpigia simu, akasema mje asubuhi, nitawaona kabla ya foleni.
Dada yako Nyamizi akaja na godoro kichwani,
akalitandika mlangoni, akalala kama komeo,
akakoroma usiku kucha,
na wewe ukalalamika. Nilifurahi kukusikia ukilalamika.

Elfu kumi na mbili niliziweka chini ya kibatari.
Za wengine, dawa yake kulipa.
Wewe na mimi, dawa yetu kudaiwa.
Nataka unione njiani ukate kona.
Nataka masika ije nikufuate kwa kelele.

Alfajiri uliwasha moto kabla yetu.
Ukauliza kama nina elfu moja ya sukari.

Nikakukopesha.